Viumbe vamizi: kwa nini pesa hufika wakati mambo yameshaharibika? Uzi wa uchumi na sera

#1 Mizani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nataka tujadili jambo ambalo likitajwa tu watu hulisukumia kwa wanabiolojia, ilhali sehemu yake kubwa ni pesa na sheria. Nazungumzia viumbe vamizi, yaani mimea, wadudu, samaki, wanyama na vimelea ambavyo binadamu amevihamisha kutoka kwao, vikazoea ugenini, vikazaana na kuanza kuharibu mashamba, maji, misitu na afya za watu.

IPBES, jopo la kimataifa la sayansi na sera za bioanuwai, lilitoa ripoti kubwa kuhusu suala hili Septemba 2023. Spishi zaidi ya 37,000 zimeshahamishwa na shughuli za binadamu na kuweka makazi ugenini, na zaidi ya 3,500 kati yake zina madhara yaliyothibitishwa. Gharama yake kwa mwaka 2019 ilizidi dola bilioni 423, na tangu 1970 gharama hiyo imekuwa ikipanda angalau mara nne kila muongo. Namba iliyonisukuma kuandika hapa ni hii: katika gharama hizo, asilimia 92 ni hasara iliyokwishatokea. Pesa ya kudhibiti ni asilimia 8 tu.

Kwa hiyo pesa inatoka, tena nyingi. Inatoka kwa mlango wa nyuma, kupitia mavuno yaliyopotea, mabomba yaliyoziba, nyavu tupu na dawa za kupulizia kila msimu, na wanaoilipa hawakuulizwa. Hoja yangu ni kwamba taratibu zetu za bajeti zimejengwa kumsubiri mtu wa kulia. Kiumbe vamizi anapokuwa mahali pamoja tu, na ni rahisi kumwondoa, hakuna anayelia.

Angalieni visa viwili vya mmea mmoja.

Mwaka 1984, mwani uitwao Caulerpa taxifolia, wa aina inayofugwa kwenye matangi ya samaki wa mapambo, ulionekana kwenye sakafu ya bahari mbele ya makumbusho ya bahari ya Monaco. Ulikuwa umefunika kama mita moja ya mraba. Kazi ya kuung'oa ingekuwa ndogo mno. Badala yake miaka ikaenda kwa mabishano: umetoka wapi, ni wa nani, una madhara kweli au la. Mwani haukusubiri jibu. Uliambaa na pwani za Ufaransa, Italia, Hispania hadi Croatia, na kufikia 2000 hakuna aliyezungumzia tena kuutokomeza.

Juni 2000, mwani huohuo ukaonekana California, kwenye wangwa wa Agua Hedionda, kaskazini ya San Diego. Huko hawakungoja ushahidi kamili. Ndani ya wiki chache wapiga mbizi walikuwa wanaufunika kwa maturubai ya plastiki, kingo zake zikigandamizwa chini, kisha klorini inaingizwa ndani ya turubai. Wakaendelea kukagua kwa miaka. Mwaka 2006 ulitangazwa kuwa umetokomezwa, kwa gharama ya takriban dola milioni 7.

Tofauti ya pande hizi mbili haikuwa elimu peke yake, ingawa ni kweli California walijifunza kutokana na yaliyotokea Mediterania. Walichokuwa nacho ni watu wenye mamlaka ya kuamua na pesa ya kuanzia kabla ya bajeti ya mwaka ujao kupitishwa. Hilo ndilo nataka tulichambue. Karibuni.

#2 Swali Gumu

Mkuu, uzi mzuri, ila hukumaliza hadithi ya Mediterania. Miaka ya baadaye mwani huo ulirudi nyuma wenyewe sehemu nyingi, bila mtu kuugusa. Kwa hesabu hiyo wale wa Monaco waliokaa kimya waliokoa pesa, na California walitumia milioni 7 kwa kitu ambacho pengine kingejifia. Tukianza kukimbilia kila kiumbe kigeni, hatutamaliza. Wengi wao hawana madhara yoyote.

#3 Mizani

Ni kweli, ulirudi nyuma sehemu nyingi, na ni kweli kwamba wengi wa wageni hawaleti shida. Hata namba za IPBES nilizoweka zinasema hivyo: 3,500 kati ya 37,000.

Lakini uamuzi unapimwa kwa kile kilichojulikana siku ulipofanywa. Mwaka 2000 hakuna aliyeweza kujua kwamba mwani utachoka. Na makosa ya pande mbili hapa hayalingani. Ukimwondoa kiumbe ambaye angekufa mwenyewe, umepoteza pesa yenye kiasi kinachojulikana, mara moja. Ukimwacha ambaye angeenea, unalipa kila mwaka, wewe na watakaokuja baada yako, na nafasi ya kubadili uamuzi imeshafungwa. Wachumi huweka thamani kwenye nafasi hiyo ya kubadili uamuzi, kwa sababu kadiri unavyosubiri ndivyo inavyosinyaa.

Serikali ya jimbo la Victoria, Australia, katika mwongozo wake wa 2010 iliweka makadirio ambayo hadi leo hunukuliwa sana: dola moja ya kuzuia kiumbe asiingie hurudisha takriban 100, dola moja ya kumtokomeza akiwa bado mahali pamoja hurudisha 25, ya kumzingira asienee, 5 hadi 10, na akishaenea kila mahali, dola moja hurudisha kati ya 1 na 5. Ni makadirio ya jumla, hayafai kila kisa, ila mteremko wenyewe sijaona anayeupinga.

Na kuchagua kunawezekana. Australia tangu 1997 hutumia orodha ya maswali kupima mimea kabla haijaruhusiwa kuingia: imeshakuwa gugu kwingine? Mbegu zake husambazwa na ndege? Ikikatwa huchipua? Wachumi waliofanyia hesabu utaratibu huo mwaka 2007 walikuta kwamba hata ukihesabu mimea salama iliyokataliwa kimakosa na biashara iliyokosekana, nchi inabaki na faida.

#4 Mkaguzi Shehena

Naomba nichangie kutoka upande wa mlangoni, maana kazi yangu ni kukagua shehena.

Watu wakisikia ukaguzi wanafikiria matunda na wanyama hai. Mimi muda mwingi natazama mbao zinazobeba mzigo. Kontena limejaa vigae au vipuri vya mashine, mzigo wenyewe hauna uhai wowote, lakini umekaa juu ya paleti za mbao, na mdudu anasafiri ndani ya ubao. Ndiyo maana kuna kanuni ya kimataifa ya ISPM 15, iliyopitishwa 2002: mbao za kufungashia mizigo zipashwe joto hadi katikati ya ubao pafike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, au zifukizwe dawa, kisha zigongwe muhuri. Muhuri una alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi, namba ya kiwanda, halafu HT kama ni joto.

Sasa muhuri pekee hautoshi. Natafuta mabaki ya magamba ya mti, kwa sababu chini ya gamba ndipo baadhi ya mbawakavu hutaga. Natafuta tundu la mviringo lililo safi kana kwamba limetobolewa kwa keekee. Mdudu aliyekomaa ametokea hapo. Nagonga ubao, na ukidondosha unga mwepesi, uliokobolewa na funza, mzigo huo hauendi popote.

Ninachotaka kusema kuhusu uchumi ni hiki. Siku nikizuia paleti moja mbaya, hakuna anayenishukuru. Mwenye mzigo analalamika kucheleweshwa, wakala wake anapiga simu kwa wakubwa, na msitu niliouokoa hauna wa kuandika barua ya pongezi. Mwisho wa mwaka wakubwa wanauliza: mbona hakuna mlipuko wowote, kwa nini tuwaongeze watumishi? Kazi ikifanyika vizuri inaonekana kama haikuhitajika.

#5 Jembe la Kale

Mkaguzi, umesema kweli tupu.

Mimi nina wazo tofauti. Kwa nini tusigeuze adui kuwa mali? Gugu lifumwe vikapu, mti upikwe mkaa, samaki auzwe, au serikali ilipe zawadi kwa kila kichwa kitakacholetwa. Wananchi wapate kipato na kiumbe apungue. Mbona sera nyingi haziendi huko?

#6 Mizani

Jembe, sera nyingi zimekwenda huko, na nyingi zimejikwaa palepale.

Chukua mathenge, yaani Prosopis juliflora, mti wa Amerika uliopandwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni. Ukageuka vichaka visivyopitika, malisho yakaisha, na maganda yake yenye sukari yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi walikwenda mahakamani kudai haki yao. Sera ikaelekea kwenye matumizi: kateni, chomeni mkaa, uzeni. Sasa tazama jinsi mti wenyewe ulivyo. Ukiukata juu ya ardhi, kisiki kinachipua mashina mengi kuliko ulilokata. Kuumaliza ni lazima uchimbe ukate chini ya shingo ya mzizi, kazi ngumu yenye miiba mirefu. Mchoma mkaa analipwa kwa gunia. Hakuna anayemlipa kwa kisiki kilichong'olewa. Kwa hiyo anafanya kile anacholipwa kufanya, na mwaka unaofuata kichaka ni kinene zaidi. Simlaumu hata kidogo. Aliyepanga malipo ndiye wa kuulizwa.

Zawadi kwa kichwa ni hivyohivyo. Hanoi mwaka 1902, utawala wa Wafaransa ulilipa kwa kila mkia wa panya. Mikia ikaja kwa maelfu. Baadaye maofisa wakaanza kuona panya wasio na mikia wakikimbia mitaani: watu walikata mkia na kumwachia mnyama akazae. Wengine walifuga kabisa.

Linganisha na Uingereza walivyomaliza koipu, panya mkubwa wa Amerika Kusini aliyeletwa 1929 kufugwa kwa ajili ya manyoya, akatoroka, akabomoa kingo za mito na kula mazao mashariki ya nchi. Kampeni ya kumtokomeza ilianza 1981 kwa muda wa miaka 10. Wategaji walikuwa na shida moja ya wazi: wakimaliza kazi, wamejifuta kazi. Basi mkataba ukasema wazi kwamba koipu wakiisha ndani ya muda, wategaji watapata bonasi inayofika hadi mara tatu ya mshahara wa mwaka. Hapo kila koipu aliyebaki akawa kizuizi kati ya mtegaji na pesa yake. Mwaka 1989 walitangaza kwamba wameisha.

Jimbo la Louisiana, Marekani, wao wanalipa kwa kila mkia wa mnyama huyohuyo tangu 2002, na wanaendelea kulipa. Sisemi wamekosea, maana lengo lao ni kumpunguza tu ili vinamasi vya pwani vipone, na kwa eneo kubwa kama lile pengine hakuna njia nyingine. Lakini mtu asichanganye mambo haya mawili. Malipo kwa kichwa ni ya kupunguza. Ukitaka kumaliza, lipia kumaliza.

Na kuna hatari kubwa zaidi ya kumgeuza mvamizi kuwa mali. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Mamia ya aina za furu zilitoweka, na sangara kwa sehemu kubwa ndiye aliyewala. Leo anabeba viwanda vya minofu na ajira za watu wengi, na sera za nchi zinazozunguka ziwa zinamlinda kwa kuweka ukubwa wa chini wa kuvuliwa. Mvamizi akishapata watu wanaomtegemea, amepata mawakili.

#7 Nyigu Mdogo

Niongeze jambo ambalo halijaguswa: udhibiti wa kibiolojia, yaani kumleta adui wa asili wa mvamizi. Kwa upande wa faida kwa kila shilingi iliyotumika, sijui kitu kinachokaribia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mmea, kutoka Amerika Kusini aliingia Afrika na kuanza kukausha mashamba katika ukanda mzima unaolima zao hilo. Wakulima hao hawakuwa na pesa ya dawa. Timu ya IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, ikiongozwa na Hans Herren, ilitafuta huko Amerika Kusini hadi ikapatikana nyigu mdogo mno anayetaga yai ndani ya kidung'ata. Funza wake humla akiwa hai. Aliachiwa Nigeria mwaka 1981, kisha nchi baada ya nchi. Uchambuzi wa 1988 ulikadiria dola 149 za faida kwa kila dola moja, na Herren alipewa tuzo ya World Food Prize mwaka 1995. Mkulima hakununua chochote. Nyigu alijisambaza mwenyewe.

Na hapo ndipo penye tatizo la kisera. Kitu kinachojisambaza bure hakina wa kukiuza, na kisicho na wa kukiuza hakipati mwekezaji. Kampuni itatengeneza dawa inayonunuliwa kila msimu. Nyigu anayemaliza kazi na kubaki shambani milele si bidhaa. Kwa hiyo hii ni kazi ya pesa ya umma, kutoka kwenye utafiti hadi kwenye kuachia. Tukisubiri soko, tutasubiri sana.

Najua mtu atataja chura wa miwa. Australia ilimwingiza 1935 ale mbawakavu wa miwa, akawaacha na kula vingine vyote, na sumu yake ikaua wanyama waliojaribu kumla. Chura yule anakula chochote kinachoingia mdomoni na hakupimwa kabla ya kuachiwa. Siku hizi mdudu hukaa karantini na kujaribiwa kwenye mimea au wadudu mbalimbali kuonekana kama atagusa kisichohusika. Australia hiyohiyo, miaka kumi kabla ya chura, ilikuwa imemleta nondo wa Cactoblastis kutoka Argentina, na nondo huyo akasafisha mamilioni ya hekta za mpungate katika muda wa miaka michache.

#8 Mizani

Nyigu Mdogo, asante sana, hiyo ya kutokuwa na wa kukiuza ni hoja nzito.

Sasa tufike kwenye nani alipe. Kanuni ya aliyechafua alipe ni nzuri kwenye karatasi, lakini hapa aliyechafua huwa ameshaondoka. Utafiti wa 2011 uliotazama nchi za Ulaya ulionyesha kwamba idadi ya spishi ngeni za leo inaelezwa vizuri zaidi na hali ya uchumi ya mwaka 1900 kuliko ya mwaka 2000. Mmea wa bustani unaweza kukaa miongo kadhaa kwa utulivu kabla haujavuka ukuta. Aliyeuza miche hayupo tena, na hata angekuwepo, kuthibitisha kwamba ni miche yake ni kazi isiyowezekana.

Njia inayobaki ni kutoza mlango wenyewe, yaani tozo ndogo kwa kila kontena linaloingia na kila shehena ya mimea na wanyama, iingie kwenye mfuko usioguswa kwa matumizi mengine. Anayefaidika na biashara achangie hatari ambayo biashara inaleta, kabla haijulikani ni mzigo upi utakaokuwa na mdudu.

Halafu kuna suala la mkulima kutoa taarifa. Fikiria umeona ugonjwa mgeni shambani mwako. Ukiripoti, shamba linateketezwa, jirani anaokoka. Ukinyamaza, unavuna msimu huu. Sheria nyingi zinategemea faini hapa, na faini inamfundisha mtu kuficha.

Australia tangu 2005 wana mkataba kati ya serikali na vyama vya wakulima ambao umenivutia sana. Kila mdudu au ugonjwa hatari unapangwa kwenye daraja moja kati ya manne kabla haujafika. Anayetishia hasa mali ya umma, kama misitu na mazingira, serikali hulipa gharama zote za kumtokomeza. Anayegusa umma na sekta pia, serikali 80 na wakulima 20, au nusu kwa nusu. Anayegusa sekta tu, serikali 20 na sekta 80. Na mkulima ambaye mali yake imeharibiwa kwa amri hulipwa kwa utaratibu uliokubaliwa mapema. Sekta isiyo na fedha mkononi serikali huweza kuitangulizia, ikalipa polepole kwa tozo ya mazao. Mabishano ya nani alipe yanafanyika wakati wa utulivu, kwa hiyo siku ya hatari watu wanashughulika na mdudu.

Kimataifa tuko nyuma zaidi. Kinga ya wote ni sawa na kinga ya nchi dhaifu kuliko zote kwenye njia ya biashara. Mfano ni maji ya balasti ambayo meli hubeba tumboni ili zitulie na kuyamwaga bandari nyingine. Kome pundamilia waligunduliwa kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwaka 1988, wakaziba mabomba ya mitambo ya maji na umeme. Mkataba wa kusafisha maji hayo ulipitishwa 2004 na kuanza kufanya kazi Septemba 2017. Kati ya kujua tatizo na sheria kuanza kung'ata ni karibu miaka 30. Sasa lipo lengo la Kunming-Montreal, makubaliano ya kimataifa ya bioanuwai ya 2022, kupunguza kasi ya spishi hizi kuingia na kuweka makazi kwa angalau asilimia 50 ifikapo 2030, wakati ripoti ya IPBES ilikuta ni asilimia 17 tu ya nchi zenye sheria mahsusi juu yake. Nchi tajiri zinazoagiza mizigo zina kila sababu ya kulipia ukaguzi katika nchi maskini zinazouza, kwa faida yao wenyewe.

#9 Swali Gumu

Nakubaliana na mengi kuliko nilivyotarajia. Swali la mwisho: ni lini unakubali umeshindwa? Programu hizi zikianza hazina breki. Kila mwaka unaambiwa tumekaribia, ongezeni kidogo.

#10 Mizani

Ni swali la haki kabisa, na jibu linapaswa kuandikwa siku ya kwanza, kabla ya watu kuwa na kazi na majina ya kulinda.

Kwanza, kuna visa ambavyo kutokomeza hakuwezekani lakini kuacha ni hasara kubwa zaidi. Lamprea wa baharini, anayenyonya damu za samaki kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, amepunguzwa kwa takriban asilimia 90 kwa dawa inayowekwa kwenye vijito anakozaliana. Mwaka 2020 na 2021 kazi hiyo ilipungua kwa sababu ya janga la korona, na idadi ikapanda. Hiyo ni gharama ya kudumu, iwekwe kwenye bajeti kama matengenezo ya barabara, na mwanasiasa asiahidi kwamba itaisha.

Pili, kuna kuacha kwa uwazi. Australia ilikuwa nchi kubwa ya mwisho yenye ufugaji wa nyuki isiyo na utitiri wa varroa, unaoshambulia nyuki. Bandarini waliweka mizinga ya ulinzi, yenye nyuki wanaokaguliwa mara kwa mara, na Juni 2022 utitiri ukaonekana kwenye mizinga hiyo ya bandari ya Newcastle. Mizinga maelfu kwa maelfu iliteketezwa, wafugaji wakilipwa fidia chini ya mkataba niliosimulia. Lakini utitiri ulikuwa umeshasafiri na mizinga inayohamishwa kwenda kuchavusha mazao. Septemba 2023 kikundi cha kitaifa, chenye serikali na sekta ndani yake, kikaamua kwamba kutokomeza hakuwezekani tena kitaalamu, na pesa iliyobaki ikaelekezwa kuwafundisha wafugaji kuishi na utitiri: jinsi ya kuhesabu kwa kutikisa nyuki kwenye sukari ya unga, dawa gani itumike, na lini.

Wafugaji wengi waliumia, na wapo waliosema uamuzi ulichelewa, wengine kwamba uliharakishwa. Ninachokiheshimu ni kwamba vigezo vilijulikana, wanaolipa walikuwa mezani, na uamuzi ulitangazwa kwa sababu zake. Kwa hiyo, Swali Gumu, ningeweka masharti matatu ya kusimama: kiumbe akipatikana nje ya eneo lililozingirwa bila njia ya kuelezea alivyofika, idadi ya maeneo mapya ikizidi yanayosafishwa kwa misimu miwili mfululizo, au kukosekana kwa njia ya kuwagundua wakiwa bado wachache. Likitimia mojawapo, watu wasio waajiriwa wa programu ndio wapige hesabu upya.